Muuguzi Naye Ahitaji Mazoezi

Mwambie muuguzi afanye mazoezi naye atakucheka. Mazoezi gani tena, ilhali ameshinda wadini akizunguka tangu asubuhi hadi miguu imevimba?

Lakini uchovu ni jambo moja, mazoezi ni jingine. Wadini muuguzi hupiga hatua chache, akasimama, akainama, kisha akapiga nyingine chache. Moyo haupati nafasi ya kwenda mbio kwa muda wa kutosha, hali mgongo unabeba mzigo kutwa. Anapomwinua mgonjwa kutoka kitandani huku amepinda kiuno, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa vikali. Misuli ya tumbo, mgongo na matako ikiwa dhaifu, hapana kinachozikinga. Ndiyo sababu maumivu ya kiuno huwasumbua wauguzi wengi duniani, na wengine huiacha kazi waliyoipenda.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Zamani ilisemwa kila kipindi kisipungue dakika 10. Sharti hilo liliondolewa, na hiyo ni heri kwa mtu wa zamu. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako, utembee kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Nyumbani, lala chali, kunja magoti, inua kiuno, hesabu hadi 5, ushushe. Rudia mara 10.

Ukitoka zamu ya usiku, usijilazimishe. Lala kwanza, utembee alasiri. Wala mazoezi yasiwe kisingizio cha kumwinua mgonjwa mzito peke yako. Mwite mwenzako, hata kama wadi ina watu wachache. (Wakubwa wanaopanga zamu nao wasikie.)

Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, acha mazoezi umwone daktari. Ukianza kufa ganzi sehemu za siri, au mkojo ukikataa kutoka au ukikuponyoka, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.