Takwimu za jeni: Mstari mmoja ukiteleza, mgonjwa huumia

Leo maabara huweza kupima kwa sampuli ndogo ya damu utendaji wa jeni takribani 20,000 za mwanadamu kwa mkupuo mmoja. Lililo gumu ni kuzisoma tarakimu hizo bila kukosea, kwani kosa la msomaji huweza kumfikia mgonjwa kitandani.

Kinachopimwa ni nini hasa?

Karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile, mfano wa kundi la taarab lililo na ala zote jukwaani. Seli ya ini hutofautiana na ya ubongo kwa ala zinazopigwa na ukubwa wa sauti yake. Jeni inapofanya kazi hutoa nakala ziitwazo RNA, na mtafiti huzihesabu. Matokeo yake ni jedwali kubwa: kila mstari ni jeni moja, kila safu ni mtu mmoja.

Jedwali hilo likisomwa vyema huleta tija. Mwaka 2016, watafiti waliofuatilia vijana zaidi ya 6,000 nchini Afrika Kusini walieleza kuwa utendaji wa jeni 16 katika damu uliweza kuashiria, miezi kadhaa kabla, nani angeugua kifua kikuu.

Kosa lililowafikia wagonjwa

Historia ina upande mwingine pia. Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walitangaza kuwa jeni zaweza kubashiri dawa ipi ya saratani itamfaa mgonjwa. Wanatakwimu Keith Baggerly na Kevin Coombes, wa kituo cha saratani cha MD Anderson mjini Houston, walirudia hesabu hizo. Wakakuta orodha ya jeni imeteleza mstari mmoja, na mahali pengine seli sugu kwa dawa zimeandikwa kuwa ndizo zinazodhurika nayo.

Wakati huo majaribio ya tiba yalikuwa yameshaanza, na wagonjwa zaidi ya 100 waliandikishwa. Majaribio yalisitishwa mwaka 2010, makala ikaondolewa mwaka 2011, na mwaka 2015 uchunguzi wa serikali ulibaini kuwa baadhi ya takwimu zilighushiwa.

Mwanafunzi hujifunza nini?

Kwanza, kujihadhari na bahati nasibu. Ukilinganisha jeni 20,000 na kukubali kosa la asilimia 5, takribani jeni 1,000 zitaonekana kuwa na tofauti hata pasipo tofauti yoyote. Ndiyo maana kipimo cha kukubali matokeo hukazwa.

Pili, kupanga vipimo kwa haki. Damu ya wagonjwa ikipimwa Jumatatu na ya wenye afya Ijumaa, tofauti itakayoonekana huenda ni ya siku, wala si ya ugonjwa.

Tatu, kutoiamini kompyuta kupita kiasi. Programu ya Excel ilizoea kugeuza jina la jeni MARCH1 kuwa tarehe. Mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni ilitangaza majina mapya. Hiyo sasa huitwa MARCHF1.

Nne, kuhifadhi kila hatua ya hesabu ili mwingine aweze kuirudia. Bila hatua hizo, Baggerly na Coombes walilazimika kubahatisha kilichofanyika.

Fursa katika kanda yetu

Elimu hii haidai mashine ya gharama kubwa tangu mwanzo. Lugha ya kompyuta R na vifurushi vya Bioconductor hupatikana bure, na majedwali ya tafiti nyingi zilizokwisha kuchapishwa yako wazi katika hazina ya GEO nchini Marekani. Mtandao wa H3ABioNet, wenye makao yake Cape Town, ulianza mwaka 2016 kufundisha kwa njia ya video madarasa ya nchi mbalimbali za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania. Mjini Kampala, kituo cha bioinfomatiki kilizinduliwa mwaka 2019 katika Chuo Kikuu cha Makerere.

Anayeanza aweza kuchukua jedwali moja la wazi, kurudia hesabu za wenyewe, na kutazama kama atafikia jibu lilelile.