Nasaba ya Ukoo wa Kiafrika katika Virginia ya Karne ya 17

Kutafuta nasaba si kukusanya majina tu, bali ni kuthibitisha kwamba jina la hati hii na jina la hati ile ni la mtu yuleyule. Kazi hiyo ni nyepesi kwa watawala, ambao waandishi hawakuwasahau. Ni nzito kwa watu wa kawaida, na nzito zaidi kwa Waafrika waliopelekwa katika koloni la Waingereza la Virginia tangu mwaka 1619. Ukoo wa Anthony Johnson ni mfano unaofaa.

Daftari la wakazi la mwanzo wa mwaka 1625 linamtaja Antonio, mtu mweusi, aliyefika mwaka 1621 kwa merikebu iitwayo James. Katika shamba hilohilo yupo Mary, aliyefika mwaka 1622. Hakuna jina la baba wala la kijiji. Hata hivyo, jina Antonio lenyewe ni ushahidi, kwani si la Kiingereza. Wareno walizoea kuwabatiza mateka huko Luanda kabla ya kuwapakia. Tena katika ufalme wa Kongo majina ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kuenea tangu ubatizo wa mfalme Nzinga a Nkuwu, mwaka 1491. Kama Antonio alipewa jina hilo na wazazi au na padri wa bandarini, daftari halisemi.

Mwaka 1651, ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, Anthony Johnson anapewa ekari 250, yaani ekari 50 kwa kila mmoja wa watu watano waliohesabiwa kuwa amewaingiza kolonini. Mkewe ni Mary. Je, ndiye Antonio yule? Jina moja halitoshi. Lakini majina mawili yanayoandamana, ya mume na mke, wote Waafrika, yana uzito, na wanahistoria wengi wanaukubali uhusiano huo. Mwaka 1653 moto uliteketeza mali yao, na mahakama ikawasamehe Mary na binti zake wawili kodi maisha yao yote. Bila moto ule, nani angejua kuwa mabinti walikuwa wawili?

Hati ya mwaka 1655 haipendezi. Anthony alishinda kesi ya kumrudisha utumwani Mwafrika mwenzake, John Casor, aliyedai kwamba muda wake wa utumishi umekwisha. Mwenye kutafuta shujaa angetamani kuiruka. Mtafiti hana ruhusa hiyo.

Katika miaka ya 1660 jamaa hao walihamia Maryland. Mwaka 1670, Anthony akiwa amekwisha kufariki, baraza la waamuzi huko Virginia lilitamka kwamba alikuwa mweusi na kwa sababu hiyo mgeni, hivyo ardhi aliyoiacha ingeweza kutwaliwa na koloni. Mtu aliyeandikwa miongoni mwa wakazi mwaka 1625 alifanywa mgeni baada ya miaka 45.

Mwaka 1677, mjukuu wake, John, alinunua ekari 44 huko Maryland, akaziita Angola. Neno hilo latokana na ngola, cheo cha wafalme wa Ndongo katika lugha ya Kimbundu, ambacho Wareno walikigeuza kuwa jina la nchi. Kwa wafanyabiashara wa watumwa lilitaja pwani ya kupakilia, si kijiji cha kuzaliwa. Lakini John hakuwahi kuvuka bahari. Jina hilo alilisikia nyumbani.