Je, chuma kinaweza kushikilia mfupa kisha kikaisha chenyewe?

Karibu kila parokia yetu ina mtu anayetembea na chuma ndani ya mguu au mkono. Mmoja alianguka na pikipiki, mwingine alipigwa risasi, mwingine aliangukiwa na ukuta. Daktari aliunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, na mfupa ukapona. Mara nyingi chuma hicho hubaki mwilini bila shida. Lakini kikileta maumivu au usaha, au mgonjwa akiwa mtoto anayekua bado, huenda kikapaswa kutolewa. Hiyo ni operesheni ya pili, na familia inaanza tena kutafuta pesa. Ndiyo maana tumeona vema kueleza kazi moja ya wataalamu: kutengeneza chuma kinachoshikilia mfupa, kisha kinaisha chenyewe.

Kiunzi ni nini?

Mafundi wanapojenga ukuta mrefu husimamisha miti ya kupandia. Ukuta ukikamilika, miti inaondolewa. Mfupa nao, ukiachwa na pengo kubwa, hauwezi kulivuka wenyewe. Kwa kawaida daktari huchukua kipande cha mfupa wa nyonga ya mgonjwa na kujaza pale. Lakini mfupa wa kuchukua si mwingi, na nyonga nayo inabaki na kidonda. Kiunzi cha metali kinawekwa penye pengo. Kina matundu mengi madogo, chini ya milimita moja kila moja, yaliyounganika, ili mishipa ya damu na chembe za mfupa ziingie na kujenga. Tofauti na miti ya fundi, hakuna anayekuja kukitoa: maji ya mwili yanakila kidogo kidogo.

Kwa nini si chuma tulichozoea?

Chuma kisichoshika kutu ni kigumu karibu mara 10 kuliko mfupa. Kinabeba mzigo karibu wote peke yake, na mfupa usiobeba mzigo hudhoofika. Kwa hiyo wataalamu wanachunguza metali tatu.

Ya kwanza ni magnesiamu. Mwili wa mtu mzima una gramu 25 hivi za magnesiamu, na zaidi ya nusu iko ndani ya mifupa. Inapoyeyuka, ziada hutoka kwa mkojo. Shida yake ni haraka, tena inatoa gesi ya hidrojeni. Mwanzoni mwa karne ya 20, mpasuaji Mbelgiji Albin Lambotte alifunga mfupa wa mguu kwa bamba la magnesiamu lenye misumari ya chuma. Baada ya siku 8 bamba lilikuwa limeharibika na gesi imejaa chini ya ngozi. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvi, moja huliwa upesi zaidi, kama ndani ya betri.

Ya pili ni chuma cha kawaida: kina nguvu, lakini kinaisha polepole mno. Ya tatu ni zinki: mwendo wake uko katikati, ila ni laini na inahitaji kuchanganywa na metali nyingine.

Kinachapwaje?

Skana inapiga picha ya pengo, kompyuta inachora kiunzi kinacholingana nalo. Mashine inatandaza unga wa metali, tabaka jembamba kuliko unywele, na mwanga wa leza unayeyusha pale tu panapotakiwa. Tabaka lingine linatandazwa juu, na kuendelea hivyo mpaka umbo litimie. Unga wa magnesiamu hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo kazi inafanyika ndani ya chumba kilichojazwa gesi ya agoni badala ya hewa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, walionyesha matokeo ya viunzi vya namna hiyo vilivyowekwa ndani ya maji yanayofanana na ya mwili. Cha magnesiamu kilipungua karibu 20% kwa wiki 4, bado kikiwa na nguvu kama ya mfupa wa ndani wenye vitundu. Cha chuma kilipungua karibu 3% tu. Kazi yote iko hapo: kiunzi kisiishe kabla mfupa haujasimama, wala kisikawie baada yake.

Tufanye nini leo?

Skrubu za magnesiamu, zisizo za kuchapwa, ziliruhusiwa Ulaya tangu 2013. Viunzi vilivyochapwa vingi bado viko katika maabara na majaribio ya wanyama. Basi aliyevunjika asingoje. Afike hospitali mapema. Mwenye chuma mwilini amwulize daktari kama kitatolewa, lini, na kwa bei gani, naye atunze picha zake za radio. Kidonda kikitoa usaha, arudi upesi. Na mtu akiwauzia unga au vidonge vya magnesiamu akisema vitaziba pengo la mfupa, msimpe pesa zenu: kinachosaidia pale ni kiunzi kilichowekwa na mpasuaji, si kitu cha kumeza.