Nyumba Isiyo na Mlinzi

Katika milima ya Norwe, nchi ya kaskazini ya Ulaya, mna vijumba vya mbao ambamo watu huenda kupumzika. Vingi havifikiwi na motokaa. Huendewa kwa miguu, na wakati wa theluji kwa mbao ndefu za kutelezea. Chama cha wasafiri kilichoundwa mwaka 1868, Den Norske Turistforening, kina vijumba zaidi ya 500, na vingi havina mlinzi.

Mgeni hujifungulia kwa ufunguo wa chama, huwasha moto katika jiko la chuma, huchota maji mtoni au huyeyusha theluji sufuriani. Vijumba vingine vina kabati la vyakula: mikate mikavu, samaki wa makopo, majani ya chai. Mgeni huandika mwenyewe alichokula na siku alizolala, kisha hulipa. Nani amhesabiaye? Hakuna. Na vitanda vikijaa, afikaye nyuma hafukuzwi. Hulala juu ya godoro sakafuni.

Siku ya kuondoka ndiyo yenye kazi. Hufagia, huosha vyombo, huzima moto, na hasa hupasua kuni na kuzipanga ndani zipate kukaa kavu. Jambo hili si adabu tu. Mlimani dhoruba huja ghafula. Mwenye kufika usiku, nguo zimelowa, vidole vimekufa ganzi, hawezi kushika shoka. Uhai wake umo katika kuni zilizopasuliwa na mtu asiyemjua, aliyekwisha kushuka bondeni tangu juzi.