Range Rover ya Zamani au Land Cruiser: Hesabu ya Mnunuzi wa Kindu

Range Rover ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka kiwandani kuanzia 1970 hadi 1996, ingali inageuza shingo za watu. Ukikuta inauzwa kwa dola chache kuliko Land Cruiser ya umri uleule, usishangilie bado. Bei unailipa siku moja, piese utazilipa maadamu motokari ni yako, na piese isiyokuwepo Kindu hungoja treni ya SNCC kutoka Lubumbashi au hupanda ndege kutoka Kinshasa. Anza hesabu hapo.

Range Rover nyingi za wakati huo zina injini ya V8 ya esanse, ya lita 3.5, na baadaye 3.9. Kwenye njia zetu za udongo, lita 20 kwa kilomita 100 ni kawaida kwake. Land Cruiser 80, iliyoanza 1990, yenye injini ya mazutu ya 1HZ, lita 4.2 bila tabo, hunywa kama lita 14. Kwa kilomita 1,000 zimeshapishana kwa lita 60. Zidisha kwa bei ya leo unaponunulia. Ila mafuta si sababu yangu kubwa ya kuegemea Land Cruiser. Injini hiyohiyo ya 1HZ ndiyo iliyobeba Land Cruiser ndefu za mashirika na ambulansi miaka mingi, kwa hiyo makanika wa mjini ameifungua na kuifunga mpaka mikono yake inaijua. V8 atajifunzia kwa pesa zako.

Sasa kutu, maana mvua ya Maniema haina huruma. Wanunuzi wengi hutembea na sumaku: mahali isiposhika, chini ya rangi kuna mastiki. Kwa Toyota mbinu hiyo ni nzuri; pitisha sumaku kwenye fremu ya kioo cha mbele, chini ya milango na juu ya matairi ya nyuma. Kwa Range Rover itakudanganya, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi ni aluminiamu na sumaku haiishiki hata ikiwa nzima. Chuma kinachooza kimejificha ndani: vizingiti chini ya milango, sakafu ya nyuma, mlango wa nyuma wa chini, na ncha ya shasi karibu na tangi. Inua zulia, lala chini, gonga kwa mpini wa bisibisi. Ukiona unga mweupe pale aluminiamu inapogusana na chuma, ujue kutu imeshaanza kula.

Land Cruiser nayo si malaika. Ya 60, ya miaka ya 1980, yenye injini ya 2H, ni nzito na ya polepole, lakini haina mkanda wa taimingi wa kukatika. Kazi ya mkanda huo hufanywa na gia. Ndugu yake HJ61 ina tabo, na mara nyingi umeme wake ni wa volti 24: kabla ya kuipenda, ulizia kama stata na alteneta ya volti hizo vinapatikana mjini. Kwenye 1HZ mkanda upo, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji asipojua ulibadilishwa lini, toa gharama hiyo kwenye bei. Toleo la 80 lenye tabo, 1HD-T, lina jina baya kwa beringi za konrodi, hasa lile la miaka ya mwanzo.

Aina zote hizi zina ekseli nzima mbele, hivyo chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele. Grisi iliyochanganyika na oili ikimwagika pale maana yake sili zimekufa.

Fika kabla injini haijawashwa na uguse boneti. Ikiwa na joto, rudi kesho. Fungua radieta ingali baridi, tafuta utando wa oili. Kisha vuka Lualaba kwenda Alunguli, uendeshe njia ya Kalima angalau saa nzima, ukijaribu gia nzito na kufuli ya difu, kama ipo, matopeni. V8 iliyochoka huonyesha joto lake hapo, si mbele ya nyumba ya muuzaji. Range Rover ya miaka ya mwisho yenye springi za hewa, nisingeigusa kwa Kindu ila kama imeshawekewa springi za chuma.

Karatasi usimwachie shofere. Motokari iliyoingia nchini na shirika bila kulipiwa ushuru inadaiwa na forodha, yaani DGDA, inapouzwa kwa mtu binafsi, na deni hilo linaweza kukufuata wewe. Linganisha namba ya shasi na ya carte rose, tarakimu kwa tarakimu. Usukani ukiwa kulia, ulizia kwanza kama utaruhusiwa kuiandikisha.

Chaguo langu ni Land Cruiser 80 ya 1HZ, gia za mkono. Anayeng'ang'ania Range Rover atafute ya mazutu yenye 300Tdi, ya 1994 kuendelea. Injini hiyo iliwekwa pia kwenye Defender na Discovery, kwa hiyo kuna mahali pengi pa kuitafutia piese. Na kabla ya kupeana mkono, adai sanduku lolote la piese lililokaa garajini kwa muuzaji. Kwa hilo, hata mimi ningeongeza dola.