Fahamu Ishara za Mbwa Kabla ya Kumpeleka Kwenye Chanjo

Moshi, Kilimanjaro

Septemba 28 ya kila mwaka, dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huo huua takribani watu 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Lengo la kimataifa ni kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na njia ya uhakika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila eneo.

Kufikiwa kwa kiwango hicho kunategemea pia jambo lisilozungumzwa sana: mmiliki kumfikisha mbwa wake kituoni na kumrejesha nyumbani bila mapigano.

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu, kaya nyingi huishi ndani ya vihamba vyenye migomba na kahawa. Mbwa wengi wa maeneo hayo hufungwa mchana na kufunguliwa usiku ili walinde mji. Mbwa wa namna hiyo huwafahamu watu na wanyama wa nyumbani kwake tu. Siku ya chanjo hujikuta kwenye uwanja wa shule au ofisi ya kijiji, akiwa amezungukwa na mbwa asiowafahamu. Yakizuka mapigano, watu hujeruhiwa, na mmiliki aliyepata hasara huenda asirudi mwaka unaofuata. Mbwa wake anapobaki bila kinga, majirani nao huwa hatarini.

Mapigano mengi hutanguliwa na ishara. Mwaka 1872, mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alieleza kuwa mbwa mwenye uhasama husimama wima akiwa amekakamaa na mkia ukiwa juu, ilhali mbwa mwenye upendo hulegeza na kuupinda mwili wake. Maelezo hayo bado yana manufaa kwa kila anayeshika kamba ya mbwa.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kuwa mbwa anayetikisa mkia si lazima awe na furaha. Mkia ulionyanyuliwa na kutikiswa kwa haraka huku mwili umekakamaa ni dalili ya msisimko unaoweza kuishia kwenye kuuma. Mkia unaopepea kwa upana, pamoja na kiuno kinachoyumba na mdomo uliolegea, huashiria utulivu. Mbwa anayeinamisha kifua chini na kuacha makalio juu kwa kawaida anaalika mchezo.

Mbwa mwenye hofu huficha mkia katikati ya miguu, hulaza masikio nyuma, hulamba midomo pasipo chakula, hupiga miayo pasipo usingizi, au hugeuza uso huku weupe wa macho ukionekana. Huyo anaomba nafasi, na akisukumwa mbele anaweza kuuma ili kujitetea. Ishara ya hatari zaidi ni mbwa kuganda ghafla, kufumba mdomo na kumkazia macho mwenzake. Hapo mmiliki anapaswa kumwondoa mara moja. Mbwa anayenguruma asipigwe, kwa kuwa kunguruma ni onyo; aliyezoeshwa kunyamaza kwa kipigo anaweza kuuma bila kutoa onyo.

Kwa sababu hiyo, kila mbwa aongozwe na mtu mzima mwenye nguvu za kumzuia, si mtoto. Foleni iwe na nafasi ya mita kadhaa kati ya mbwa na mbwa, na wasikutanishwe ana kwa ana kwenye njia nyembamba. Kamba iwe imara, lakini isivutwe muda wote, kwani mvuto huongeza wasiwasi. Chakula kisitupwe mahali penye mbwa wengi. Mapigano yakizuka, mtu asiingize mikono katikati. Kumwaga maji mengi au kupiga kelele kubwa ya ghafla kunaweza kuwatenganisha.

Utaratibu huo unafaa pia nyumbani, hususan mwezi Desemba ambapo wenyeji wengi wa Kilimanjaro waishio mikoa mingine hurejea kwao, na baadhi huja na mbwa. Mgeni na mwenyeji watembezwe kwanza nje ya kihamba, kwa umbali na kuelekea upande mmoja. Miili yao ikilegea, waruhusiwe kunusana kwa sekunde chache kisha watenganishwe, na hatua hiyo irudiwe kabla ya kuingia uani.

Hata hivyo, ishara hizi hazimwezeshi mwananchi kutambua mbwa mwenye kichaa. Mbwa mkali anaweza kuwa mzima, na mgonjwa anaweza kuonekana mpole au mnyonge. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza au anayezurura na kuuma ovyo asisogelewe. Taarifa itolewe kwa afisa mifugo au mtendaji wa kijiji au mtaa.

Aliyeumwa, kukwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili za ugonjwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara matokeo yake ni kifo. Chanjo inayotolewa mapema huokoa maisha.

Wananchi wanahimizwa kufuatilia ratiba za chanjo katika halmashauri zao, kuwapeleka mbwa wao wakiwa wamefungwa kamba imara, na kuwachunguza kwa makini tangu wanapotoka nyumbani hadi wanaporejea.