Mtori Bila Nyama, Mama Mkwe Mezani

Mwenzangu, hebu fikiria. Zimebaki siku tatu Krismasi ifike. Mume wangu anarudi kazini, anavua viatu, kisha anasema kama mtu anayeomba maji ya kunywa: “Mdogo wangu anakuja na mchumba wake. Ila yule dada hali nyama.”

“Nyama tu?”

“Na samaki. Mayai. Maziwa. Siagi pia.”

Heee! Ilikuwa mwaka 2022 na mtoto wetu alikuwa na miezi miwili, ndiyo maana hatukwenda Moshi. Si unajua tena Wachaga na Desemba! Safari hii Moshi ndiyo ilikuja kwetu Dar: mama mkwe alishuka na mkungu mzima wa ndizi mshare, tayari kumpikia mzazi mtori. Na mtori, kwa mama yule, ni ndizi na nyama. Basi.

Lakini kilichoniuma si ndizi. Mume wangu alikuwa ameshamwambia mdogo wake, “Usijali, shemeji yako atapika,” bila kuniuliza. Mimi ninayeamka usiku mara nne kunyonyesha! Siku mbili tukalala mzungu wa nne.

Asubuhi ya Krismasi nikaonja sufuria. Supu ilikuwa imepooza kama maji ya mvua. Nikafungua kidonge kimoja cha supu chenye ladha ya ng’ombe. Nani atajua? Mara mume wangu akaingia na mtoto begani.

“Akija kujua, atatuamini tena?”

“Na wewe uliponijibia bila kuniuliza, imani yangu uliifikiria?”

Kimya. Akampeleka mtoto kwa bibi yake, akarudi, akasema, “Nimekosa, mke wangu. Niambie nikate nini.” Kidonge kikaenda kwenye taka, yeye akaanza kukata uyoga. Na ule uyoga ndio uliookoa siku.

Hivi ndivyo tulivyopika, kwa watu 8:

• Ndizi mshare mbichi 15
• Maharage vikombe 2, yaliyolowekwa usiku kucha
• Uyoga nusu kilo
• Vitunguu maji 3, nyanya 4, karoti 3
• Kitunguu saumu na tangawizi, vijiko 2 vikiwa vimetwangwa pamoja
• Tui jepesi vikombe 3, tui zito kikombe 1
• Mafuta ya alizeti, chumvi, ndimu, giligilani

Mwaga maji uliyolowekea maharage. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, kisha punguza moto mpaka yaive kabisa. Usiyaharakishe, maana maharage yasiyoiva vizuri huvuruga tumbo. Mchuzi wake usiumwage, una ladha.

Jipake mafuta mikononi ndipo umenye ndizi, utomvu usikunase. Zikate, zitie kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi.

Sasa siri yenyewe. Weka uyoga kwenye kikaango cha moto bila mafuta. Utatoa maji, yaache yakauke, kisha tia mafuta kidogo ugeuze mpaka uwe wa kahawia. Pembeni kaanga vitunguu navyo mpaka vibadilike rangi, tia kitunguu saumu na tangawizi, halafu nyanya, mpaka mafuta yajitenge. Hapo ndipo unapopata ule uzito ambao tumezoea kuutafuta kwenye mifupa.

Changanya na ndizi, karoti, tui jepesi na mchuzi wa maharage. Ndizi zikilainika, ziponde kwa mwiko, ila bakiza vipande vipande. Tia maharage na uyoga. Tui zito lije mwisho, moto mdogo, ukikoroga lisikatike. Chumvi, giligilani, ndimu kidogo. Epua.

Mezani mbuzi wa kuchoma alikuwepo kwa wanaomtaka. Mama mkwe akachota mtori, akakoroga bakuli kama aliyedondosha pete.

“Mwanangu, nyama iko wapi?”

“Hakuna, mama.”

Akaonja. Akanyamaza. Akaonja tena. “Niongeze kidogo. Lakini kesho uniwekee nyama!” Tukacheka wote.

Baadaye yule mchumba alinifuata jikoni. Mkobani alikuwa na karanga na ndizi mbivu, maana amezoea kushinda na njaa ugenini huku akitabasamu. “Leo sijazigusa, dada,” akaniambia. Nikakumbuka kile kidonge, nikaona aibu peke yangu.

Kwa hiyo wapenzi, sikukuu hii kabla hujamkaribisha mgeni, zungumza kwanza na mwenzako. Kisha muulize mgeni anakula nini, na ukimwambia hakuna nyama, pasiwe na nyama kweli. Na wewe baba, ukishaahidi chakula, chukua kisu. Uyoga haujikati wenyewe.